Sukari inanipanda kila msimu wa korosho: nile vipi nikiwa mbali na nyumbani?

"Habari za kazi, mtaalamu. Nina miaka 47, naishi Mtwara mjini. Mwaka jana niligundulika na kisukari. Natumia metformin ya miligramu 500 asubuhi na jioni, na glibenclamide ya miligramu 5 asubuhi. Nikiwa nyumbani mke wangu ananisimamia, na nikipima asubuhi kabla ya kula napata 6 hadi 7. Shida ni msimu wa korosho. Kuanzia Oktoba nazunguka na pikipiki kwenye maghala na vyama vya msingi vya Tandahimba, Newala na Masasi, nalala gesti, wiki mbili tatu sijarudi. Huko nimejiwekea utaratibu wangu: nameza dawa asubuhi, mchana kutwa sili ili sukari isipande, nakunywa maji na dafu. Usiku, kwenye saa 4 hivi, ndiyo nakula: ugali wa muhogo na samaki, maana muhogo hauna sukari. Chai naweka asali. Lakini nikipima asubuhi nakuta 12, siku nyingine 13. Halafu siku moja nikiwa Newala, kwenye saa 5 asubuhi, nilitetemeka, jasho likanitoka, kichwa kikazunguka. Nikasema ni jua. Sasa mtu asiyekula mchana kutwa sukari inapandaje? Na nikikaribishwa chakula kwa wenyeji nikikataa wanaona najidai. Nifanyeje?"

Ndugu yangu, naanza na ile siku ya Newala, kwa sababu inanitia wasiwasi kuliko hizo 12 na 13 zako. Kutetemeka, jasho la ghafla na kizunguzungu kwa mtu aliyemeza glibenclamide bila kula ni dalili za sukari iliyoshuka kupita kiasi. Newala iko juu ya uwanda wa Makonde na hewa yake ni ya baridi kuliko ya Mtwara mjini, kwa hiyo jua si la kwanza kulaumiwa. Tazama saa: dawa umeimeza asubuhi na tumbo tupu, na kufika saa 5 ilikuwa imeshika kasi.

Dawa zako mbili hazifanyi kazi moja. Metformin inalituliza ini lisimwage sukari ovyo na kuisaidia misuli kuisikia insulini. Ikitumika peke yake, ni nadra sana kuishusha sukari kupita kiwango. Glibenclamide inalisukuma kongosho litoe insulini, na haiulizi kama umekula. Insulini hiyo isipokuta chakula kipya, inaishusha sukari iliyomo kwenye damu. Tena ni dawa inayokaa: kazi yake inaweza kuendelea hadi saa 24. Ndiyo maana humezwa pale chakula kinapokuwa tayari mbele yako. Usiimeze gesti saa 12 asubuhi kwa matumaini kwamba utapata kitu njiani. Asubuhi ambayo hakika hutakula, iache, wala usije ukameza vidonge viwili baadaye kufidia. Metformin nayo imeze pamoja na chakula au mara tu baada ya kula, maana kwenye tumbo tupu inaleta kichefuchefu na kuharisha.

Dalili zile zikirudi, simamisha pikipiki hapohapo. Kama kipimo kiko karibu, pima: chini ya 4 ni ya kutibiwa mara moja. Kama kipimo kiko mbali, usikitafute, tibu kwanza. Weka vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari kwenye nusu glasi ya maji, koroga, kunywa. Au kunywa soda ya kawaida kiasi cha mililita 150, yaani pungufu kidogo ya nusu ya chupa ya mililita 350. Ile isiyo na sukari haikusaidii hapo. Subiri dakika 15. Dalili zikiendelea au kipimo bado kiko chini ya 4, rudia kiasi kilekile. Ukishatulia, kula chakula chenye wanga, kwa mfano mhogo wa kuchemsha au kipande cha mkate na yai, kwa sababu glibenclamide bado imo mwilini na inaweza kukushusha mara ya pili. Pikipiki usiiwashe mpaka zipite dakika 45 tangu sukari irudi sawa, kwani mkono hutulia kabla akili haijatulia. Na watu unaofanya nao kazi ghalani waambie mapema: mtu aliyepoteza fahamu asinyweshwe wala kulishwa chochote, apelekwe hospitali.

Sasa nije kwenye swali lako lenyewe, na ni swali zuri: usipokula mchana kutwa, sukari ya asubuhi inatoka wapi?

Inatoka ghalani. Wewe unayaishi maghala, utanielewa haraka. Ini ni ghala la sukari ya mwili. Unapokula, insulini inaliamuru lipokee na kuhifadhi. Usipokula, linafungua mlango na kutoa kidogo kidogo ili ubongo na viungo vingine visikose. Kwa mtu mwenye kisukari cha aina ya pili amri ya insulini haisikiki vizuri, kwa hiyo mlango wa kutoa hubaki wazi hata wakati haihitajiki, hasa usiku wa manane kuelekea alfajiri, ambapo homoni za kuuamsha mwili nazo zinalichochea ini. Juu ya hapo wewe umeweka mlo mzito wa saa 4 usiku. Ugali wa usiku huo unaendelea kumeng'enywa ukiwa umelala, misuli haina kazi, ini linatoa la kwake na tumbo linaleta la kwake. Hiyo 12 ya asubuhi ni jumla ya hivyo viwili.

Kuna jambo la tatu ambalo wengi hawalijui. Mwili ukikaa saa nyingi bila chakula unahamia kwenye kuchoma mafuta yake, na mafuta yanapojaa kwenye damu, misuli inakuwa mizito zaidi kuisikia insulini. Ndiyo maana sahani ileile ya ugali ikiliwa saa 4 usiku baada ya kushinda njaa inapandisha sukari kuliko ikiliwa saa 7 mchana baada ya kifungua kinywa kizuri. Kwa hiyo mchana unaukimbia mlima ambao si mkali, unaangukia shimo lile la Newala saa 5. Usiku unaukwea mlima ambao wewe mwenyewe umeuongezea urefu. Chakula cha safarini kina lawama yake, ila kwa hesabu zako lawama kubwa ni ya saa unazokula.

Muhogo. Nimesikia maneno haya Mtwara na Lindi kote, kwamba muhogo hauna sukari kwa sababu hauna utamu, na ule wa makopa ndiyo kabisa. Ulimi unapima utamu, haupimi wanga. Gramu 100 za unga wa muhogo zina wanga unaozidi gramu 80, na protini gramu moja au mbili tu. Unga wa mahindi wa kiasi hichohicho una wanga wa gramu 75 hivi na protini karibu 8. Wanga ukifika tumboni unavunjwa kuwa glukosi, ileile unayoipima kwenye kidole. Sikukatazi muhogo, ni chakula cha kwenu na utaukuta kila mahali. Ninachokuomba ni uuhesabu kama unavyohesabu ugali wa sembe au wali. Tena kwa kuwa hauna protini, uandamane na samaki, kunde, mbaazi au choroko bila kukosa. Dona lina nyuzinyuzi zaidi kuliko sembe na linakwenda polepole kidogo. Ukilipata, chagua hilo, lakini lisikupe ruhusa ya kujaza sahani.

Asali pia ni sukari. Kijiko kimoja cha chakula kina sukari ya gramu 17 hivi, sawa na vijiko vinne vya chai vya sukari nyeupe. Chai yako ya asali ni sukari uliyoibadilishia jina. Lakini usiitupe. Ifunge vizuri kwenye kichupa kidogo, iweke kwenye mfuko wa koti au wa pikipiki, iwe dawa ya dharura kwa siku kama ile ya Newala: kijiko kimoja cha chakula kinatosha kwa mara ya kwanza. Dafu lina sukari kiasi, maji ya dafu moja la kawaida yana gramu 10 hadi 15. Moja kwa siku, tena ukilitoa kwenye hesabu ya matunda, halina ubaya. Matatu mchana kwa sababu kuna joto ni jambo lingine. Kiu ikate kwa maji. Na kama umewahi kuambiwa figo zako zina hitilafu, dafu lisubiri mpaka uongee na daktari, kwa sababu lina potasiamu nyingi. Juisi ya miwa iache kabisa, glasi moja inaweza kuzidi gramu 30 za sukari.

Utaratibu ninaokushauri ni huu: milo mitatu, ya kwanza kabla ya saa 2 asubuhi, ya pili kati ya saa 6 na saa 8 mchana, ya tatu isipite saa 2 usiku. Najua kazi ya ghalani haina saa, malori yakifika yamefika. Basi kama kuna mlo wa kuusogeza, sogeza wa mchana. Wa asubuhi usiguswe kwa sababu ndio unaoishikilia glibenclamide.

Kifungua kinywa ndicho kigumu zaidi safarini, kwa sababu vibanda vingi vya asubuhi vinauza unga na mafuta: maandazi, vitumbua, chapati, mihogo ya kukaanga, na chai iliyotiwa sukari tangu ikiwa kwenye birika. Uji nao mara nyingi umeshatiwa sukari. Mwambie mama lishe usiku uliotangulia kwamba kesho akutolee chai yako kabla hajatia sukari. Ukimwambia asubuhi ameshachelewa. Kisha tafuta supu. Supu ya samaki, ya pweza au ya ng'ombe pamoja na chapati moja, au vipande viwili vya mhogo wa kuchemsha vyenye ukubwa wa kidole gumba kinene, ni mlo wa kutosha. Mayai mawili ya kuchemsha na chapati moja pia yanafaa. Ukikuta mbaazi au maharage asubuhi, bakuli dogo la mbaazi na andazi moja ni bora mara nyingi kuliko maandazi matatu na chai ya maziwa. Supu usiongeze chumvi, tayari inayo ya kutosha. Chumvi ya siku nzima kwa mtu mzima, pamoja na iliyomo kwenye chakula, haipaswi kuzidi kijiko kimoja cha chai, na ng'onda na papa mkavu humaliza hesabu hiyo haraka sana.

Kiasi cha ugali na wali ndipo watu wengi wanapopotelea, kwa kuwa sahani ya mgahawani haifanani na ya nyumbani. Safari ijayo kabla hujaondoka, fanya jambo hili jikoni kwenu. Mwombe mkeo atoe ugali wenye ukubwa wa ngumi yako uliyoifumba. Huo una wanga wa gramu 50 hivi, na ndicho kiasi cha mlo mmoja kwako. Ule kama kawaida, kwa mkono, na uhesabu matonge. Pengine utapata manane, pengine kumi, inategemea mkono wako. Namba hiyo ndiyo yako. Ukiwa Tandahimba, au umeketi na watu kumi kwenye sinia moja, hutahitaji mzani wala kikombe. Ukifika kwenye namba yako unaendelea na mboga na samaki tu. Ukila muhogo badala ya mahindi, punguza tonge moja. Kwa wali, kipimo ni kikombe kimoja cha chai cha mililita 200 kikiwa kimejaa wali uliopikwa. Sahani ya wali ya mama lishe inaweza kufika vikombe vitatu, kwa hiyo agiza hivi: "Nipunguzie wali nusu, niongezee maharage na mboga." Hakuna atakayekushangaa, na mara nyingi bei inabaki ileile.

Anza na mboga na kitoweo, ugali ufuate. Watu wanalichukulia hili kama adabu ya mezani tu, lakini lina kazi. Nyuzinyuzi za kisamvu, matembele, mlenda au majani ya kunde, pamoja na protini ya samaki, zinachelewesha tumbo kutoa chakula kwenda kwenye utumbo, kwa hiyo glukosi inaingia kwenye damu kidogo kidogo badala ya mkupuo. Dakika tano za mboga kabla ya tonge la kwanza zinatosha. Kusini mna bahati ya kisamvu, mbaazi na choroko karibu kila kona. Uliza hata kama havipo kwenye ubao, mara nyingi vipo jikoni kwa ajili ya wenyewe.

Samaki wa kukaanga hapandishi sukari, usimwogope kwa sababu hiyo. Mafuta yake ni suala la uzito na moyo, na wa kuchoma au wa kuchemsha ni bora. Ila mafuta yakikutana na wanga mwingi kwenye sahani moja, yaani chipsi mayai, au wali wa nazi wenye tui zito, yanaleta ujanja: yanachelewesha wanga, hivyo ukipima saa mbili baada ya kula unaona pazuri, halafu sukari inapanda saa ya nne au ya tano. Ukila hivyo usiku, kipimo cha asubuhi ndicho kinachosoma juu. Sahani hizo zikae mchana, mara moja kwa wiki, nusu ya kiasi, usiku usizichukue.

Baada ya mlo wa usiku tembea dakika 10 hadi 15, hata kama ni kuzunguka uwanja wa gesti. Misuli inayofanya kazi inavuta glukosi kutoka kwenye damu hata pale insulini inaposikika vibaya. Siku nzima juu ya pikipiki si mazoezi, mwili umeketi.

Kwenye begi beba karanga au korosho, na uzipime kwa kiganja: korosho 18 hadi 20 ni gramu 30 hivi, zina kalori zaidi ya 160 na wanga wa gramu 9. Kiganja kimoja kwa siku ni kizuri kwa mlo wa mchana ukichelewa. Kula korosho kwa mfuko huku mnasubiri mnada, hata zikiwa za bure, kutakuongezea uzito bila wewe kujua. Mayai ya kuchemsha beba yakiwa na maganda na uyale kabla ya saa 4 asubuhi, joto letu halingoji. Kiporo cha wali kikipoa na kupashwa moto kinapandisha sukari kidogo chini ya wali wa moto, hilo ni kweli, ila tofauti ni ndogo na wali uliolala nje bila baridi unaweza kukuharisha. Sikupendekezei ukiwa safarini.

Matunda ya msimu wako ni embe na mabibo, yaani matunda ya mkorosho. Kula. Embe la wastani, nusu kwa mara moja. Bibo moja au mawili, lile tunda lenyewe, siyo maji yake yaliyokamuliwa. Yaende baada ya mlo badala ya kuliwa peke yake tumbo likiwa tupu. Mabibo yaliyochachuka ni habari nyingine: kama unatumia uraka au pombe yoyote, fahamu kwamba pombe inalizuia ini kutoa sukari, na ikikutana na glibenclamide unaweza kushuka usiku ukiwa usingizini, mlango wa gesti umefungwa, hakuna wa kukuona.

Kuhusu wenyeji, sisi ni watu wa kukaribishana, na hukosei kulihisi hilo. Usiseme umeshiba, maana kila mtu anajua hujashiba. Sema una masharti ya daktari. Neno hilo linaheshimiwa kila nyumba, na mara nyingi bibi mwenye nyumba atakuambia na yeye ana presha au ana ndugu mwenye sukari. Kaa, nawa, kula mboga na samaki wao, kula matonge yako, na ukifika kwenye namba yako usimame. Mwenyeji anaudhika na mkono usiogusa sinia, haudhiki na mkono uliogusa kidogo. Soda ya mgeni ndiyo kikwazo kikubwa zaidi, maana inafunguliwa kabla hujasema kitu: chupa ya mililita 350 ina sukari ya vijiko tisa vya chai hivi. Ukiingia tu, omba maji.

Wengine huniuliza kama si bora kubeba jiko dogo na kujipikia gesti. Kwa siku tatu nne inawezekana, na kwa mwenye kisukari kilichovurugika sana huenda ikafaa. Kwa wiki tatu za msimu, mwenye gesti atakuzuia, na jioni utakuwa umechoka, utaishia chipsi. Njia ninayoipendelea kwako ni kuchagua mama lishe mmoja kila mji na kumpa kazi: mlipe siku tatu au nne mbele, mwambie masharti yako, mpe saa zako. Mteja wa uhakika anapikiwa anavyotaka. Gharama yake inaongezeka kidogo, hasa ukitaka samaki kila siku huko Newala na Masasi mbali na bahari, lakini mbaazi, maharage na mayai vinaziba pengo hilo vizuri.

Kupima. Stripu ni ghali, kwa hiyo usizimalize zote kwenye vipimo vya asubuhi, vinakuambia kwamba kuna tatizo lakini havikuambii ni mlo gani. Chukua mlo mmoja kwa siku: pima kabla ya kuula, pima tena saa mbili tangu tonge la kwanza. Tofauti isipozidi 3, na kipimo cha pili kikiwa chini ya 10, sahani hiyo inakufaa, iandike. Kesho chukua mlo mwingine. Nawa mikono kwa maji na uikaushe kabla ya kutoboa. Kidole kilichoshika embe au bibo kinaweza kukuonyesha 15 ambayo haimo mwilini. Kopo la stripu lifunge kila ukitoa moja, na usiliache kwenye mfuko wa pikipiki juani, joto linaziharibu. Na kama kipimo cha rafiki kinakuonyesha namba kama 126 au 180, usishtuke, kinasoma kwa mg/dL badala ya mmol/L za kipimo chako: gawanya kwa 18 upate namba uliyoizoea.

Yapo mambo ambayo hayamalizwi kwa sahani. Ukitapika au kuharisha kiasi cha kushindwa kushika maji, usiendelee na metformin wala glibenclamide kwa mazoea, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Sukari ikizidi 15 kwa siku mbili mfululizo, au ikiwa juu huku unakojoa mno, una kiu isiyokatika, unapumua kwa nguvu au unachanganyikiwa, usingoje kurudi nyumbani: Masasi kuna hospitali ya Mkomaindo, njiani kuna hospitali ya Ndanda, na Newala na Tandahimba zina hospitali zao za wilaya. Kidonda cha mguu, hata kidogo kilichotokana na kiatu cha ghalani, kionyeshwe mapema.

Na kabla Oktoba nyingine haijafika nenda kliniki yako ya kisukari, hospitali ya Ligula hapo Mtwara mjini au popote unapohudhuria. Kuna dawa za kundi hilohilo, kama gliclazide, ambazo hatari yake ya kushusha sukari ni ndogo kuliko ya glibenclamide, na kwa mtu mwenye kazi isiyo na saa kama yako huenda daktari akaona zinakufaa zaidi. Huo ni uamuzi wake akishapima figo zako na kipimo cha wastani wa miezi mitatu, HbA1c. Mbebee daftari lenye vipimo vya kabla na baada ya kula, na umweleze habari ya Newala kwanza, kabla hajakuandikia dawa nyingine ya kuzishusha hizo 12 za asubuhi.